Mama Chapa na Mfumo wa Bure

Mama Chapa haangalii vidole vyake anapoandika. Ukimwambia kuna watu wazima, wenye shahada zao ukutani, wanaowinda herufi moja moja kwa kidole kimoja, atacheka mpaka miwani imshuke puani. Yeye alifundwa kwenye taipureta za chuma, na mwalimu mkali aliyefunika mikono ya wanafunzi kwa kitambaa cheusi asiwepo wa kuchungulia. Macho kwenye karatasi unayonakili, masikio kwenye kengele ya mwisho wa mstari, vidole vijijue vyenyewe. Hivyo ndivyo alivyofunzwa, na hivyo ndivyo alivyofanya kazi miaka ishirini na sita katika ofisi ya sekondari ya wasichana, meza ya kwanza kushoto ukiingia, chini ya feni inayolalamika kutwa.

Jina lake la kuzaliwa liko kwenye hati ya mshahara tu. Walimu humwita Mama Chapa, wazazi humwita Mama Chapa, hata mumewe akimpigia simu ofisini huulizia Mama Chapa kisha anajicheka mwenyewe. Barua za kuitwa wazazi, ratiba, mitihani, matokeo, zote zimepita mikononi mwake. Kuna wasichana waliohitimu, wakaolewa, wakaleta binti zao palepale, na barua ya kumpokea mama na ya kumpokea binti zimeandikwa na vidole vilevile.

Kilichompa sifa hasa ni safu zake. Hesabu zake alikuwa nazo kichwani: nafasi kumi na mbili kutoka ukingo wa karatasi hadi jina la somo, kisha kutoka somo hadi alama inategemea urefu wa jina. Hisabati saba, Jiografia sita, Kemia kumi. Dole gumba la kulia linagonga ule ufito mrefu wa chini, tak tak tak, na alama zinasimama wima kutoka juu hadi chini kama zimepigiwa rula. Taipureta zilipotolewa na kompyuta kuingia, alikuja nazo hesabu zake, na hata herufi akatafutiwa za upana mmoja zinazofanana na zile za taipureta. Hakuna aliyemwambia kuna njia nyingine. Nani angethubutu, na safu zimenyooka vile?

Sasa, shule ilikuwa na kompyuta kumi na nane: mbili ofisini, kumi na sita kwenye chumba cha wanafunzi, zote zimeletwa zikiwa zimeshatumika kwingine. Wasichana walikaa watatu kwa mashine moja. Mmoja ameshika kibodi, wa pili ameshika kipanya, na wa tatu ameshika tama. Mfumo endeshi uliokuwamo, ile programu kubwa inayoiwezesha mashine kufanya kazi zake zote, ulikuwa wa kampuni, wa kulipia. Ila shule haikuwahi kulipa, na tuseme ukweli tu, nakala ilikuwa ya kuiba, imewekwa na mtu wa mtaani aliyekuja na mkoba wa sidii na kuondoka hajaacha hata risiti. Miaka ilipita, mfumo ukazeeka, kampuni ikaacha kuushughulikia. Kila asubuhi pembeni mwa skrini kulitokea maneno kwamba nakala hii si halali. Mama Chapa aliyazoea kama mtu anavyozoea jirani mgomvi. Kisha virusi vikaingia vikala mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, wote, siku mbili kabla ya kufanywa, na hapo uvumilivu wa Mwalimu Mkuu ukafika ukingoni.

Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke mdogo kwa Mama Chapa kwa miaka kumi na tano, mwenye heshima lakini asiyependa kuzungushwa. Akamweleza kwamba wazazi wamechangia fungu moja, na fungu lenyewe halitoshi mambo mawili. Ama shule inunue leseni halali za mfumo mpya wa kampuni kwa mashine zote kumi na nane, na kuziongezea kumbukumbu zile mashine kongwe ziweze kuubeba. Ama iweke mfumo huria, ule ambao waliouandika wameuacha wazi, mtu yeyote aufungue, autengeneze na kumgawia mwenzake bila kumlipa mtu, na zile pesa zinunue kompyuta nyingine kumi. Bodi ya shule ilitaka karatasi moja ya kulinganisha, gharama na faida za kila upande. Fundi wa kompyuta ataitwa aseme mambo ya kifundi, na Mama Chapa, aliyeishi na hizo mashine kuliko mtu yeyote, atasema mambo ya kazi.

Mama Chapa akaitika vizuri tu, akarudi mezani kwake, na roho ikawa juu.

Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Kitindamimba wake alikuwa chuoni, na ada yake ilitoka kwenye kiti hiki hiki chini ya feni. Mumewe ni fundi cherehani, hodari kweli, lakini watu siku hizi hununua nguo zilizoshonwa tayari. Mwaka uliopita mwenyekiti wa bodi, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, alishatoa kauli mbele yake kwamba ofisi inahitaji damu changa. Sasa fikiria mwenyewe. Mfumo mpya kabisa uje, vitufe vihame, menyu zibadilike majina, na mwanamke wa miaka hamsini na nane aonekane anatafuta pa kubonyeza kama mgeni. Mwenyekiti angesubiri nini tena? Mama Chapa aliona wazi kwamba akijikwaa mara moja tu, unga umemwagika. Kwa hiyo kabla Fundi hajakanyaga shuleni, yeye moyoni alishachagua mfumo wa kulipia.

Fundi alikuja Jumatatu. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mpole, na mkoba wake wa vifaa ulikuwa begi la shule la mtoto lenye picha ya mnyama iliyochubuka. Alimwamkia Mama Chapa kwa adabu zote, akaweka mfumo huria kwenye kompyuta ya pili ya ofisini, ile iliyokuwa imelala kwa uzee, na ndani ya saa mbili mashine ile ikaamka. Ikawaka upesi kuliko ile nzuri. Mama Chapa aliliona hilo kwa jicho la pembeni akajifanya hamnazo.

Alitegemea kijana aje na porojo, autukuze mfumo wake na kuuponda wa mwenzake. Wala. Siku zilizofuata Fundi alikaa naye kwenye kiti cha plastiki akamweleza moja baada ya moja, naye akaandika. Mfumo wa kampuni walimu wanaujua tayari, hilo ni jambo kubwa. Programu ya kutuma alama kwenda ofisi ya mitihani inakubali mfumo huo tu. Printa nyingi huelewana nao bila ubishi, na ukikwama ipo kampuni ya kuipigia simu, ingawa kuipata ni kazi nyingine. Lakini unalipia kila mashine, na toleo likizeeka unaanza upya. Ule huria hauna leseni ya kununua, unaendesha mashine kongwe bila kuhema, virusi huusumbua kwa nadra. Ila mashine kubwa ya kudurufu iliugomea siku tatu kabla hajaibembeleza ikakubali, na mtu wa kuujua vizuri si kila mtaa unaye.

Mama Chapa akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetega, kama basi huo wa bure ni bure kweli.

“Bure ya pesa, Mama,” Fundi akasema. “Ya kujifunza utalipa. Na anayelipa zaidi ni mtu kama wewe, uliyezoea.”

Kijana alimpendeza kwa jibu hilo, ila hakumwambia. Badala yake akajikuta anamweleza mambo ambayo hakupanga kumweleza mgeni: mwaka na nusu uliobaki, ada ya kitindamimba, maneno ya mwenyekiti. Fundi alisikiliza huku anakunja kebo polepole, na alipomaliza kuikunja akasema tu kwamba amesikia.

Wiki iliyofuata bodi ikataka kuona mfano kwa macho. Mama Chapa akaambiwa achapishe hati saba za matokeo kwa kutumia mfumo huria, kila mjumbe apate yake. Alifanya, lakini shingo upande. Alichukua hati zilizokuwa tayari kwenye mashine yake ya zamani, akazihamisha kwa flashi, akazifungua upande wa pili na kubonyeza chapisha. Hakutazama skrini. Kwa nini atazame? Hati alishazihakiki yeye mwenyewe, neno kwa neno, na tangu ujana wake alifundishwa kuangalia karatasi anayonakili, mengine yanajiendea. Mhudumu akazitoa kwenye mashine ya kudurufu chumba cha pili, akazitia kwenye bahasha, bahasha zikapelekwa mkutanoni.

Mwenyekiti alifungua ya kwanza. Akakunja uso. Akaigeuza, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Kisha mjumbe mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa muuguzi, akaanza kucheka kwa kujizuia, mabega yanamruka.

Safu zilikuwa zimesambaratika. Alama ya Hisabati imekwenda kukaa kwenye Kiswahili, ya Kemia imeshuka mstari wa chini, jina la mwanafunzi limekatika katikati. Lakini kilichovunja watu mbavu kilikuwa chini kabisa. Maoni kuhusu tabia ya mwanafunzi yalikuwa yamehama yakatua chini ya sahihi, hivyo hati ikasomeka kwamba Mwalimu Mkuu ana bidii lakini anazidisha mazungumzo darasani.

Mwalimu Mkuu hakucheka. Mwenyekiti akapiga karatasi mezani na kusema hiki ndicho unachopata ukitaka vya bure, na kwamba shule haiwezi kuwapa wazazi takataka kama hizi. Akamgeukia Fundi kwa maneno makali ambayo sina haja ya kuyarudia, ila lilikuwemo neno mbabaishaji.

Fundi alisimama. Aliitazama hati muda mrefu, akapitisha kidole pale penye Kemia. Kisha akainua macho akamtazama Mama Chapa, mara moja, akayarudisha chini.

“Kosa ni langu,” akasema. “Sikuijaribu vizuri.”

Ikaamuliwa kwamba bodi itakutana tena Ijumaa ya wiki ile kutoa uamuzi, ingawa kila mtu alijua umeshaelekea wapi, na kwamba Fundi akachukue vifaa vyake kesho yake. Mama Chapa alitoka mkutanoni na furaha ambayo haikukaa sawasawa kifuani. Alishinda bila hata kusema neno, na bado alitembea kama aliyesahau kitu.

Asubuhi yake alikaa kumalizia ile karatasi ya kulinganisha. Mtu wa kazi ni mtu wa kazi: alitaka aandike kwa usahihi ni nini hasa mfumo huria ulikiharibu. Akaifungua ile hati kwenye mashine ya Fundi, na safari hii akaitazama skrini. Fundi alikuwa ameacha kitufe fulani kimewashwa, kile kinachoonyesha vitu visivyoonekana kwenye karatasi, na ukurasa wote ulikuwa umejaa vidoto. Vidoto, vidoto, kama mtu amemwaga mtama. Kila nafasi iliyogongwa na dole gumba ilikuwa na kidoto chake.

Akavihesabu vya kwanza kutoka ukingoni. Kumi na mbili. Baada ya Hisabati, saba. Baada ya Jiografia, sita. Baada ya Kemia akajua jibu kabla ya kuhesabu, lakini akahesabu hata hivyo, na vilikuwa kumi.

Zile herufi zake za taipureta hazikuwemo kwenye mashine hii, mashine ikaweka herufi nyingine zenye upana tofauti, na nafasi zake alizozihesabu kwa imani miaka yote zikayumba. Akajiambia labda sivyo. Akarudi kwenye mashine yake ya zamani, yenye mfumo wa kampuni, akaifungua hati ileile ikiwa imenyooka vizuri, akaibadilisha aina ya herufi tu. Safu zikaporomoka mbele ya macho yake, vilevile kabisa, na Mwalimu Mkuu akaanza tena kuzungumza darasani.

Basi haikuwa mfumo. Ilikuwa ni yeye.

Fundi alipoingia kuchukua begi lake alimkuta amekaa, mikono mapajani, skrini zote mbili zimewaka. Alitazama skrini, akaelewa, akavuta kile kiti cha plastiki.

“Uliona lini?” Mama Chapa akamuuliza.

“Palepale, Mama. Nilipoishika karatasi.”

“Na ukasimama mbele ya watu ukasema kosa ni lako.”

Fundi akachezea zipu ya begi. Akamwambia mama yake mzazi alikuwa mpiga chapa pia, miaka kumi na tisa katika ofisi moja. Yeye nafasi zake zilikuwa kumi na tano. Kompyuta zilipokuja, bosi mpya akaipata barua yake imesambaratika namna hii hii, akaisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima, wakacheka. “Mwisho wa mwezi wakamwambia ahsante, wakamfungulia mlango,” akasema. “Mpaka leo akisikia mtu anapiga kibodi hutoka chumbani. Mimi nikikosa kazi hapa nitapata kwingine. Wewe umeniambia una mwaka na nusu.”

Mama Chapa akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akaivua tena. Watu wangapi wamewahi kumkinga hivyo katika maisha yake? Mumewe, labda. Mama yake, Mungu amrehemu. Na sasa mtoto wa mwanamke asiyemjua, mwenye begi la picha ya mnyama. Alimwomba asiondoke na vifaa, aviache hadi Ijumaa.

Nyumbani alimsimulia mumewe, ambaye alikuwa anakunja suruali ya mteja. Mume kwanza akatoa ushauri wa kifundi cherehani: anyamaze. Yeye akikosea kukata humwambia mteja kitambaa kimerudi kikafupika kwenye maji, na yanakwisha. Kisha akakanyaga cherehani mshono mzima, akafika mwisho, akakata uzi.

“Ila wateja wote niliowaambia hivyo,” akasema, “nawakumbuka nyuso mpaka leo.”

Ijumaa bodi ilipokutana, Mama Chapa aliomba wajumbe wote saba wafike mezani kwake kabla ya kukaa. Mwenyekiti akanung'unika kuhusu muda, lakini wakaja, wakajipanga nyuma ya kiti chake chini ya feni, Mwalimu Mkuu pembeni na Fundi mlangoni. Mama Chapa akapiga moyo konde. Akawaonyesha hati ikiwa imenyooka kwenye mashine ya zamani. Akawaambia watazame vizuri, huu ndio mfumo wa kulipia, ule ule wanaoutaka. Akabadilisha herufi. Safu zikaanguka.

Muuguzi akasema, “Ee!” na mwenyekiti akainama karibu na skrini.

“Kosa si la mfumo, wala si la Fundi,” Mama Chapa akasema, na akainua dole gumba la kulia wote walione. “Ni la hili. Nimepanga safu kwa kugonga nafasi moja moja miaka ishirini na sita, na kompyuta ina kitufe chake cha kazi hiyo ambacho sikuwahi kukigusa. Fundi alijua, akanifichia aibu.”

Hakuna aliyecheka. Akaisoma karatasi ya kulinganisha mwanzo hadi mwisho, bila kuongeza chumvi upande wowote: leseni kumi na nane upande huu, kompyuta kumi upande ule, walimu waliozoea upande huu, miezi ya kujifunza upande ule, programu ya alama, virusi, printa, yote. Mwenyekiti akamuuliza yeye binafsi anachagua upi.

Akajibu kwamba mwanzo alichagua wa kulipia, na sababu haikuwa ya shule, ilikuwa ya kiti chake. Kwa shule angechagua huria kwenye mashine zote, isipokuwa moja ya ofisini ibaki na mfumo wa kampuni kwa ajili ya programu ya alama, safari hii kwa leseni halali iliyolipiwa. Kuhusu kama yeye ataumudu mfumo mpya, alisema hajui, na kwamba bodi iamue juu yake inavyoona.

Mwenyekiti akaivuta ile karatasi ya kulinganisha. Alikuwa mtu mgumu, lakini maisha yake yote alikuwa ameuza misumari na saruji, na hesabu ilikuwa lugha anayoielewa. Akauliza shule ina hati ngapi za namna hii. Mama Chapa akasema elfu nne na ushei, kuanzia matokeo ya waliohitimu zamani, ambao bado huja kuomba nakala. Mwenyekiti akauliza kama mashine inaweza kuzinyoosha yenyewe.

Fundi akajibu kutoka mlangoni kwamba mashine itasaidia kidogo, lakini mahali alama zilipohama mashine haiwezi kujua ipi ni ya somo gani. “Lazima awepo anayejua kwamba Kemia ni kumi,” akasema. “Na anayejua ni mmoja tu.”

Mwenyekiti akamtazama Mama Chapa, akatazama vidoto kwenye skrini, akajikuna kidevu. “Yaani makosa haya hayatoki bila aliyeyafanya,” akasema, kama mtu aliyeuziwa kitu asichokitaka. Kisha akasema haya, Mama Chapa abaki hadi atakapostaafu, azinyooshe, na apewe msaidizi kwa miezi mitatu. Fundi aendelee na kazi, na lile neno mbabaishaji analiondoa. Aliliondoa kwa sauti ndogo, lakini aliliondoa.

Ninavyokwambia hivi kompyuta kumi zimeshafika, na wasichana wa kushika tama wamepungua sana. Mama Chapa wiki mbili za kwanza alitafuta vitufe kama mgeni, sawa kabisa na alivyoogopa, na wasichana wa kidato cha pili ndio waliomwelekeza, kwa heshima lakini kwa vicheko vya chini chini. Alivumilia. Kila siku akifika mezani huanza kwa kushukuru, kwa sauti, hajali nani anasikia: kwa kiti, kwa feni, kwa kijana, hata kwa wale watu wa nchi ambazo hatawahi kuzifikia waliokaa wakaandika mfumo mzima kisha wakauacha wazi kwa mtu kama yeye. Anasema angewaandikia barua kama angejua anwani.

Na msaidizi? Mwalimu Mkuu alikuwa na orodha ya vijana. Mama Chapa akasema hapana, anayo mtu wake, ila itabidi aende kumwomba.

Mama yake Fundi alikuja Jumatatu saa mbili kasoro, sketi imepigwa pasi ikanyooka, mkoba mdogo kwapani. Alikaa mbele ya kibodi saa nzima hajaigusa. Mama Chapa hakumharakisha. Alivua mtandio wake mweusi, akamfunika mwenzake mikono pamoja na kibodi, kama walivyofunikwa wote wawili ujanani na walimu wao wakali. Kitambaa kikatulia. Baadaye kikaanza kutikisika kidogo, kisha kwa kasi, na mstari mzima ukatokea kwenye skrini bila kosa hata moja.

Halafu dole gumba likaenda lenyewe, tak tak tak, kumi na tano. Wote wawili wakavitazama vidoto. Aliyeanza kucheka ni yule mgeni, na akicheka alifanana sana na mwanawe. Mama Chapa akamshika kidole chake cha mwisho cha kushoto, akakiweka kwenye kitufe chenye mishale miwili pembeni mwa kibodi, akakibonyeza mara moja, na neno likaruka likatua mahali pake.

Walifanya kazi hadi saa tisa, hati thelathini na moja. Mama Chapa akanyoosha mgongo, akazima feni, akamgeukia mwenzake.

“Ahsante, dada,” akasema. “Ahsante sana.”

Yule mama akasimama mara moja. Uso ukambadilika, akachukua mkoba wake, akauweka sawa kwapani na kuelekea mlangoni bila kuuliza kitu. Ndipo Mama Chapa alipokumbuka, akamfuata akamshika mkono.

“Nimesema ahsante,” akamwambia. “Sijakufungulia mlango. Kesho saa mbili.”